Pakiti ya uji: gramu sita za nailoni, kilo tano za kuni

Chukua pakiti ya nusu kilo ya unga wa lishe, ya kawaida tu, inayouzwa kila duka la Mangi. Mwaga unga, weka mfuko mtupu kwenye mizani. Utasoma gramu sita, labda saba. Sasa chukulia kwamba mnunuzi ataupika unga huo wote kwa jiko la mkaa. Nusu kilo inatoa sufuria mbili na nusu za lita mbili mbili, na kila sufuria inataka karibu robo kilo ya mkaa hadi uji uive vizuri. Jumla ni gramu 600 hivi za mkaa. Tanuru la udongo la kienyeji linakula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo nyuma ya pakiti hiyo kuna kuni kilo nne hadi sita.

Naanza na hesabu hii kwa sababu kila mtu anayeniuliza kuhusu vyakula vya asubuhi vya viwandani na mazingira ananionyesha pakiti. Mimi ni mhandisi wa usindikaji wa chakula, na wateja wangu wengi ni viwanda vidogo vya hapa Dar es Salaam. Sehemu ya kazi yangu ni tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa: unaifuata kilo moja ya chakula kuanzia mbegu ilipoingia ardhini hadi mfuko ulipotupwa, na kwa kila hatua unaandika nishati iliyotumika, maji yaliyotumika na gesijoto iliyotoka. Ukiifanya kazi hii kwa uaminifu, pakiti inashuka chini sana kwenye orodha ya hewa ukaa. Haifutiki kwenye hesabu, ila inahamia orodha nyingine kabisa, na nitaifikia.

Tuanzie shambani, maana ndiko uzito ulipo. Chuo Kikuu cha Manchester kilichapisha mwaka 2015 utafiti kuhusu nafaka za kifungua kinywa, zile za kumiminia maziwa. Kilo moja ilitoa wastani wa kilo 2.64 za gesijoto zikipimwa kwa kipimo cha hewa ukaa. Karibu nusu ilitokana na malighafi zenyewe, na karibu robo ilitokana na nishati ya kiwandani. Ufungashaji na usafirishaji viligawana sehemu iliyobaki. Kwenye malighafi, mchele ulikuwa mkosaji mkubwa, kwa sababu jaruba lililojaa maji muda mrefu linatoa methani. Anayelima Mbarali au Kilombero hahitaji kuambiwa maji hukaa jarubani muda gani.

Sisi huku tunatumia mahindi zaidi, na mahindi yana hadithi yake, nayo ni mbolea. Mkulima wa Njombe au Ruvuma akitumia mfuko mmoja wa DAP kupandia na mmoja wa UREA kukuzia kwenye ekari moja, ameweka naitrojeni kilo 32 hivi: kilo 9 kutoka kwenye DAP na 23 kutoka kwenye UREA. Vijidudu vya udongoni hugeuza sehemu ndogo ya naitrojeni hiyo, kwa makadirio yanayotumika sana ni asilimia moja, kuwa oksidi ya nitrasi. Asilimia moja inaonekana si kitu. Lakini gesi hiyo, uzito kwa uzito, inapasha joto anga karibu mara 273 kuliko hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Asilimia moja ya kilo 32, ikishashikana na oksijeni, ni nusu kilo hivi ya gesi hiyo. Ukimaliza kuzidisha unapata karibu kilo 137 za hewa ukaa kwa ekari, na hapo hujahesabu gesi asilia iliyotumika kutengeneza mbolea yenyewe.

Sasa gawanya kwa mavuno. Mkulima aliyepata magunia 15 anabeba mzigo wa gramu 90 hivi kwa kila kilo ya mahindi. Aliyepata magunia saba kwa mbolea ileile, kwa sababu alipanda amechelewa au mbegu ilikuwa ya kuokoteza, anabeba karibu gramu 200. Mbolea ni moja, ila kilo ya mahindi imechafua zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana huwa sina haraka ya kushangilia ninaposikia "tupunguze mbolea" kama ilivyosemwa Ulaya. Huku kwetu mashamba mengi yanapata mbolea kidogo mno, na mkulima asiyevuna vya kutosha kwenye ekari yake huenda kufyeka ekari nyingine. Takwimu za serikali zinasema nchi imekuwa ikipoteza takriban hektari 469,000 za misitu kwa mwaka, na kilimo ni mojawapo ya visababishi vikubwa. Ekari mpya iliyokatwa kwenye miombo inatoa hewa ukaa nyingi kiasi kwamba hesabu yangu ya mifuko miwili ya mbolea inageuka mchezo wa watoto.

Kati ya shamba na kiwanda kuna hatua ambayo watu huiruka, nayo ni ghala. Dumuzi walioingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 bado wanakula mahindi ya watu. Sumukuvu nayo ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani kwa macho. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kila gunia linalotupwa limeshabeba mbolea yake, dizeli yake na ardhi yake. Mfuko wa kuhifadhia usiopitisha hewa, ule wenye tabaka mbili za plastiki ndani, ni plastiki nami nautetea popote. Tutaliona jambo hili tena tukifika kwenye vifungashio.

Usafirishaji nitaupitia haraka, maana ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, lakini una mshangao wake. Lori linalopanda na kushuka Kitonga kutoka Mbeya hadi Dar, kilomita 830 hivi, linatoa kwa makadirio ya kawaida kilo 80 na kitu za hewa ukaa kwa kila tani ya mahindi. Ngano nyingi inayosagwa Dar inatoka nje, ikiwemo Urusi. Meli kubwa kutoka Bahari Nyeusi kupitia Suez hadi bandari yetu inasafiri karibu kilomita 8,000, na tani moja ya ngano humo inatoa kilo 80 hivi, wakati mwingine pungufu. Mbali mara kumi, moshi uleule. Kwa hiyo "cha nyumbani ni safi kwa sababu hakijasafiri" ni hoja nzuri ya kisiasa, pengine na ya kiuchumi, lakini kwenye daftari langu haisimami yenyewe. Ingesimama kama mahindi yale yangeshuka kwa treni ya TAZARA.

Kuna bidhaa moja tu ambayo usafirishaji unaiumiza kweli, nayo ni konfleksi za boksi. Kontena la futi 40 linaweza kubeba zaidi ya tani 25 za mzigo mzito. Lijaze maboksi ya konfleksi, litafurika kabla hujafika tani 10. Unalipia meli ibebe hewa. Unga ni kinyume chake: hushindiliwa, hukaa mahali padogo.

Kiwandani sasa. Hapa wasomaji wangu wengi hutarajia mabomba ya moshi, lakini kiwanda cha kawaida cha unga wa sembe, chenye mashine ya kukoboa na ya kusaga, hakina moshi wowote, na umeme unaotumika kwa kilo ni mdogo. Kinachonikera kwenye sembe ni kukoboa kwenyewe. Gunia la kilo 100 linaweza kutoa sembe kilo 70 hivi. Kinachobaki ni pumba, pamoja na kiini chenye mafuta na virutubisho. Pumba haitupwi, inakwenda kwa wafugaji wa kuku, kwa hiyo ni haki kuigawia sehemu ya mzigo wa shambani. Lakini tumelima chakula cha binadamu, tukakipunguzia lishe, halafu tunakirudishia madini na vitamini kwa mashine ya kuongeza virutubisho. Dona isingehitaji mzunguko wote huo. Najua, dona haikai sana dukani kwa sababu mafuta ya kiini huchacha, na watoto wengi wa mjini wameshazoea weupe.

Konfleksi ni habari nyingine. Tangu ndugu wawili wa ukoo wa Kellogg walipoanza kuzichezea kule Battle Creek, Michigan, mwishoni mwa karne ya 19, njia haijabadilika sana: chembe za mahindi zinapikwa kwa mvuke wenye shinikizo kwa saa moja au zaidi, zinakaushwa, zinapitishwa kwenye rola nzito hadi zibapike, halafu zinachomwa kwenye oveni kali. Unaongeza maji, kisha unalipa kuyatoa. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya megajouli 2.26 hata mashine ikiwa kamilifu, na hakuna kikaushio kamilifu. Kila nikisoma mchoro wa kiwanda cha aina hii, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali unyevu unapopanda na mahali unaposhushwa. Bili ya nishati huwa imelala hapo.

Kwa viwanda vyetu vya unga wa lishe, adui ni sufuria la kukaangia soya. Soya haiwezi kusagwa mbichi ikaingia kwenye uji wa mtoto. Ina vizuizi vya mmeng'enyo ambavyo lazima viuawe kwa joto. Kwa hiyo nyuma ya kiwanda kidogo Mbagala au Tabata utakuta kikaangio kikubwa juu ya mafiga, kuni zinawaka, dada mmoja anageuza kwa mwiko mrefu huku macho yanamtoka machozi. Umeme wa gridi tunaotumia kusagia umekuwa msafi zaidi tangu Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lianze kuzalisha mwaka 2024, lakini usafi huo haufiki kwenye mafiga. Nimeona viwanda vyenye mashine mpya za kung'aa, vina alama ya ubora ya TBS ukutani, na zaidi ya nusu ya nishati yao yote bado ni kuni za kukaangia.

Kabla sijaingia kwenye vifungashio, niseme neno kuhusu maziwa, kwa sababu nisiposema nitakuwa nimewapendelea wanaoyanywa. Bakuli la konfleksi gramu 40, kwa ule wastani wa Manchester, ni kama gramu 100 za hewa ukaa. Robo tatu ya kikombe cha maziwa, mililita 180 hivi, kwa wastani wa dunia wa kilo tatu na ushee kwa lita, ni zaidi ya gramu 550. Maziwa yameizidi nafaka mara tano. Na wastani huo unaweza kutupendelea sisi: ng'ombe wa asili anayetoa lita moja au mbili kwa siku anacheua na kutoa methani siku nzima kama wengine, ila methani yote hiyo inagawanywa kwa lita chache. Wafugaji wakipata malisho bora na mbegu bora, mzigo wa kila lita unashuka haraka. Simwambii mtu aache maziwa, hasa mtoto. Nasema tu kwamba anayekunywa chai ya maziwa kubwa asubuhi hana sababu ya kumnyooshea kidole wa konfleksi.

Haya, pakiti.

Gramu sita za nailoni zikitengenezwa zinatoa hewa ukaa gramu 15 au 20. Ni kidogo kuliko gramu za unga zinazomwagika pakiti ikichanwa vibaya. Kwa kipimo cha tabianchi, kesi imefutwa. Ila Dar es Salaam haifuriki kwa sababu ya hewa ukaa ya pakiti. Mitaro inaziba kwa sababu ya pakiti zenyewe. Mvua za masika zikishuka, angalia kinachoelea Msimbazi pale Jangwani. Chupa za maji utaona chache kuliko zamani, kwa sababu chupa ina bei: waokotaji wanaipeleka kwa kilo na kuna mtu wa kuinunua. Mfuko laini wa unga, na zaidi ule unaong'aa wenye plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, hauna mnunuzi. Tabaka zake haziachani kirahisi, hivyo hakuna kiwanda cha kuzirudisha kuwa malighafi. Unaishia dampo la Pugu Kinyamwezi kama una bahati, kwenye mtaro kama huna, au kwenye moto wa nyuma ya nyumba jioni.

Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 halikugusa vifungashio vya bidhaa za viwandani, na nadhani lilikuwa sahihi kuviacha. Mara nyingi naulizwa na wasindikaji kama wahamie mifuko ya karatasi tupu ili waandike "rafiki wa mazingira". Jibu langu kwa mtu anayeuzia pwani ni hapana. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Unga uliofungwa ukiwa na unyevu wa asilimia 12 ukikaa kwenye karatasi tupu rafuni utavuta maji, utafanya mabonge, na ukungu utafuata. Pakiti moja ya unga iliyoharibika imetupa gesijoto ya mahindi, ya soya na ya karanga, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya nailoni uliyoikwepa.

Ninachoshauri ni aina moja tu ya plastiki, bila alumini, isipokuwa kama bidhaa ina mafuta mengi kiasi kwamba itachacha. Na ukubwa. Vipakiti vya gramu 50 kumi vinatumia plastiki nyingi zaidi kuliko kimoja cha nusu kilo, na kadiri kipande kilivyo kidogo ndivyo kinavyopenya chekecheo la mtaro na jicho la mwokotaji. Hapa najua nimegusa pabaya, kwa sababu vipakiti vidogo ndivyo vinavyomwezesha mtu wa kipato cha siku kwa siku kununua. Zamani Mangi alipima kwa kopo kutoka kwenye gunia, na kwa mazingira hakuna kilichoshinda mfumo ule. Kwa sumukuvu na uchafu, ulikuwa na matatizo yake.

Turudi kwenye mkaa, maana hapo ndipo hesabu inapotoa jibu ambalo hata mimi silipendi sana.

Mama mmoja msindikaji alinipigia: "Mwanangu, nimeona mashine ya kupika unga kabisa, mteja anakoroga tu na maji ya moto. Lakini inakula umeme. Si nitakuwa nachafua mazingira?" Alikuwa anazungumzia ekstruda. Unga unasukumwa na parafujo ndani ya bomba lenye joto linaloweza kupita nyuzi 140, unaiva kwa sekunde chache, unatoka umefura, unakaushwa na kusagwa tena. Nikimkadiria kwa ukarimu, tuseme yuniti moja ya umeme kwa kilo pamoja na kukausha. Pakiti ya nusu kilo ni nusu yuniti. Hata kama umeme wote ungetoka kwenye mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, na leo haiko hivyo, ni robo kilo ya hewa ukaa.

Upande wa jikoni, uji wa kawaida unahitaji joto la aina mbili: la kuchemsha maji, na la kuuacha utokote hadi unga uive. Kwa sufuria ya lita mbili, mambo hayo mawili yanakaribiana. Unga uliokwisha kuiva unafuta la pili. Kwa pakiti nzima anaokoa karibu gramu 300 za mkaa, ambazo zikiungua ni karibu kilo moja ya hewa ukaa, mbali na methani na moshi wa tanuruni. Kama miti iliyokatwa itaota tena, sehemu ya hesabu hiyo inarudi. Kwa misitu inayozunguka Dar kuanzia Pwani hadi Morogoro, nisingeweka dau. Kwa hiyo kwa mteja wa mkaa, chakula kilichosindikwa zaidi ndicho chenye mzigo mdogo. Robo kilo kiwandani, kilo nzima imeokolewa nyumbani.

Lakini mpe mteja mtungi wa gesi. Jiko la gesi linapeleka zaidi ya nusu ya joto lake kwenye sufuria, wakati la mkaa linapeleka karibu moja ya tano. Kutokotesha kuleule sasa kunatoa kama gramu 200 za hewa ukaa kwa pakiti nzima. Ekstruda ilikula robo kilo. Faida imekwisha, na mteja amelipa bei ya juu zaidi bure.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi ifikapo 2034. Mashine ya aina ile, ikitunzwa, inafanya kazi miaka 15 au zaidi. Nikamwuliza mama yule wateja wake wanapikia nini. Akacheka, akasema wa Mbagala wengi mkaa, wa Mbezi gesi, na wengine wana vyote viwili kutegemea mwezi umefika tarehe ngapi.

Nikamshauri asinunue kwanza. Sehemu ndogo ya pesa hiyo aiweke kwenye kikaangio cha soya cha gesi chenye ngoma inayozunguka, anunue na kipima unyevu, na asimamie mahindi yanayoingia ghalani yasizidi asilimia 13. Ya ekstruda tutayaangalia tena baada ya miaka miwili, tukijua Mbagala wanapikia nini.